Mfupa Chini ya Mzigo: Insha ya Kuusifu Ufundi wa Kusukuma Chuma

Kusukuma chuma kifuani ni zoezi ambalo mtu hulala chali juu ya benchi, akashika kwa mikono miwili ufito wa chuma uliovishwa uzito kwenye ncha zake, akauteremsha taratibu mpaka uguse kifua, kisha akausukuma kurudi juu mpaka viwiko vinyooke. Maelezo yake yanamalizika kwa sentensi moja, na huenda wepesi huo ndio uliolifanya zoezi hili lidharauliwe na watu wa aina mbili: wale wanaoliona kuwa mchezo wa vijana wanaopenda kuvaa fulana za kubana, na wale wanaolifanya kila jioni wakiamini kwamba hakuna cha kujifunza isipokuwa kuongeza uzito na kuuma meno. Makundi yote mawili yanakosea, kwa sababu kusukuma chuma ni ufundi kamili, wenye kanuni zinazoelezeka, makosa yanayotambulika na daraja za umahiri ambazo mwanafunzi huzipanda kwa miaka. Kanuni yake ya kwanza, kwamba mzigo ubebwe na mfupa na msuli uuongoze, ilikwishajulikana katika vilima vya Gitega na Muyinga nchini Burundi kabla hata benchi la mazoezi halijafika huko.

Ushahidi wa jambo hilo unaonekana Gishora, kilima kilicho umbali wa kilomita saba hivi kutoka mji wa Gitega, ambacho mapokeo yanakihusisha na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi katika nusu ya pili ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1908. Ngoma zinazopigwa pale huchongwa kutoka katika gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe, nazo ni nzito kiasi kwamba mtu asiyezizoea huona tabu hata kuzisogeza. Abatimbo, yaani wapigaji wa ngoma hizo, huingia uwanjani wakiwa wamezibeba vichwani huku wakizipiga na kutembea, kisha huzipanga katika nusu duara na kuendelea kupiga, kuimba na kuruka. Shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni huo katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na sifa nyingi zilizofuata zilielekezwa kwenye mdundo na kwenye historia ya ufalme. Kuna jambo jingine linalostahili kutazamwa, nalo ni shingo ya mbebaji: haipindi wala haiyumbi, na mgongo ulio chini yake umesimama wima, kiasi kwamba uzito wote wa gogo unashuka kupitia pingili za uti wa mgongo hadi nyongani na miguuni, huku mikono ikibaki huru kufanya kazi nyingine kabisa.

Maarifa hayo hayo yanaonekana barabarani. Mtu anayesukuma baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi au magunia ya makaa kupanda mlima hakunji viwiko, kwa sababu anajua kwamba mkono uliokunjwa utachoka kabla hajafika nusu ya mwinuko. Badala yake huinyoosha mikono, akainamisha kiwiliwili mbele, akauacha uzito wa mwili wake upite mabegani na kushuka hadi kwenye usukani. Huko Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, msimu wa kahawa huwaona wakulima wakishuka vilimani na matunda mabivu vichwani hadi kwenye vituo vya kuoshea kahawa, na mwendo wao una unyoofu ule ule. Hata hivyo, kazi za nchi hii ya vilima huujenga mwili upande mmoja kuliko mwingine, kwani jembe huvutwa, ndoo hunyanyuliwa na mzigo hubebwa, ilhali kusukuma kitu kizito kwa mikono inayokunjwa na kunyooka ni tendo la nadra. Ndiyo maana mkulima mwenye mgongo imara na miguu isiyochoka anaweza kulala benchini kwa mara ya kwanza na kushindwa na uzito ambao mtu mwembamba kuliko yeye anausukuma bila shida. Nguvu anayo, ila haijapangwa kwa ajili ya kazi hiyo, na kuipanga ndiko kunakoitwa ufundi.

Mpango huo huanzia mkononi. Mwashi anayejenga ukuta hutumia timazi, yaani kamba yenye kipande cha chuma kinachoning'inia, ili ahakikishe kwamba kila tofali limekaa juu ya lililotangulia bila kuegemea upande. Msukuma chuma naye anahitaji mstari wa namna hiyo utoke kwenye chuma, upite kwenye kifundo cha mkono na kuishia kwenye kiwiko. Chuma kikilazwa kwenye vidole au katikati ya kiganja, kifundo hupinda kuelekea nyuma, uzito ukaangukia nyuma ya mfupa, na misuli midogo ya kigasha ikalazimika kuzuia kitu ambacho mfupa ungeweza kukibeba bila gharama. Chuma kikikaa chini ya kiganja, karibu na kitako cha mkono, na kidole gumba kikakizunguka, kigasha husimama wima chini yake na nguvu yote inayotoka kifuani hufika inakotakiwa. Upana wa mshiko huamuliwa na kipimo hicho hicho: mikono iwekwe mahali ambapo, chuma kinapogusa kifua, vigasha vyote viwili vitakuwa wima vikitazamwa kutoka miguuni.

Ili kuelewa kinachofuata, inafaa kuijua misuli inayofanya kazi. Mkubwa kuliko yote ni msuli mpana wa kifua, ambao umejishika kwenye mtulinga, yaani mfupa mwembamba unaotoka shingoni hadi begani, pamoja na mfupa wa kidari na gegedu za mbavu, kisha nyuzi zake zote zikakusanyika na kujifunga kwenye mfupa wa mkono wa juu. Unapojikaza, huuvuta mkono kuelekea mbele na katikati ya mwili. Unasaidiwa na sehemu ya mbele ya msuli wa bega, na pia na msuli wenye vichwa vitatu ulio nyuma ya mkono wa juu, ambao kazi yake ni kukinyoosha kiwiko na ambao hubeba sehemu kubwa ya jukumu pale chuma kinapokaribia kufika juu. Chini ya hiyo mikubwa kuna misuli minne midogo inayolizunguka fundo la bega na kuushikilia mfupa wake mahali pake. Haionekani kwenye kioo wala haisifiwi na mtu, lakini ikiumia, zoezi zima husimama.

Kuihifadhi misuli hiyo midogo ndiyo sababu ya kanuni inayowashangaza wanaoanza, kwamba mgongo na miguu hufanya kazi katika zoezi linalodhaniwa kuwa la mikono. Kabla ya kukiondoa chuma kwenye nguzo zake, mtu huyavuta makombe ya mabega, yaani mifupa mipana iliyo nyuma ya mabega, yakakaribiana na kushuka kuelekea kiunoni, kisha akayabana kwenye benchi yasiondoke hapo mpaka marudio yote yamalizike. Tendo hilo hukiinua kifua, hulipa bega kitako imara cha kusukumia na huuzuia mfupa wa mkono usijongee mbele na kusugua kano. Nyayo hukanyaga sakafu kwa nguvu, mapaja hukazwa, makalio hubaki yamegusa benchi, na mgongo wa chini huachwa na upinde wake wa asili. Mtu aliyejipanga hivyo amefungwa ardhini kama kitu kimoja, na kila anachokisukuma hupata mahali pa kuegemea. Aliyelala huku miguu ikining'inia na mabega yakicheza anasukuma kutoka juu ya kitu kinachoyumba, na sehemu ya nguvu zake hupotea katika kuutuliza mwili wake mwenyewe.

Kisha kuna njia ya chuma. Wengi hudhani kwamba kinapaswa kushuka na kupanda kwa mstari ulionyooka juu ya shingo au juu ya katikati ya kifua, na dhana hiyo imeharibu mabega mengi, kwa kuwa huvifanya viwiko vitanuke pembeni mpaka mikono ikatengeneza msalaba na kiwiliwili. Chuma hushuka kwa mshazari, kutoka juu ya mabega hadi sehemu ya chini ya kifua, viwiko vikiwa vimekaribia mbavu kiasi bila kubanwa kabisa, kisha hurudi kwa mkunjo unaoelekea juu na nyuma, upande wa uso, mpaka kisimame tena juu ya mabega. Mtaalamu wa mwendo wa mwili Thomas McLaughlin, aliyechapisha uchunguzi wake nchini Marekani mwaka 1984, alionyesha kwamba hilo ndilo linalowatofautisha mabingwa na wanaoanza: bingwa hukirudisha chuma kuelekea mabegani mapema, punde tu kinapoondoka kifuani, ilhali anayeanza hukisukuma juu moja kwa moja, kikabaki mbali na bega na kumlemea. Ulemeo huo huwa mkubwa zaidi katika mahali pa kukwama, yaani eneo lililo sentimita chache juu ya kifua ambapo mwendo wa chuma hupungua na ambapo majaribio mengi hushindikana. Mtu asiyejua njia hulaumu udhaifu wa mikono anapokwama hapo, ingawa mara nyingi kosa lilitendeka nusu sekunde kabla, alipokiacha chuma kiende mbele.

Pumzi nayo ina nafasi yake. Kabla ya kuteremsha, mtu huvuta hewa nyingi tumboni, akaizuia na kulikaza tumbo kana kwamba anangoja kupigwa, kisha akaiachia baada ya kuvuka mahali pa kukwama. Mbinu hiyo hupewa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu Mwitalia aliyefariki mwaka 1723, na faida yake ni kukifanya kiwiliwili kiwe kigumu wakati kinapohitajika kuwa hivyo. Kwa kuwa hupandisha shinikizo la damu kwa muda, mtu mwenye ugonjwa wa moyo au presha hapaswi kuitumia bila ushauri wa daktari, na wanaoanza hutosheka na kuvuta pumzi wakishusha na kuitoa wakisukuma.

Hoja yenye uzito kuliko zote kwamba nguvu ni ufundi imetoka katika maabara. Mwaka 1979 watafiti Toshio Moritani na Herbert deVries walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika wiki za mwanzo za mazoezi ya uzito, ongezeko kubwa la nguvu hutokana na mfumo wa neva, yaani ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zinazoiamrisha misuli, na kwamba kukua kwa msuli wenyewe huchukua nafasi ya kwanza baadaye. Maana yake ni kwamba mtu hupata nguvu kwanza kwa kujifunza: neva huzoea kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja na kuzuia misuli pinzani isivute upande wake. Kwa hiyo anayerudia tendo sahihi mara nyingi kwa uzito wa kadiri anaunda nguvu kwa njia halisi kabisa, na anayerudia tendo lililopotoka chini ya uzito mkubwa anaufundisha mwili wake kupotoka.

Kuhusu namna ya kuongeza uzito, dunia inamshukuru daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyewatibu askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye mwaka 1945 alieleza kwa maandishi jinsi ya kurudisha nguvu za misuli kwa kuipa mzigo mzito unaoongezwa hatua kwa hatua. Kabla yake, wagonjwa wengi walikuwa wakipewa mazoezi mepesi ya kurudia bila mwisho, na viungo vyao vikabaki dhaifu. Ni vyema ikumbukwe kwamba njia inayotumiwa leo na kila mtu mwenye afya ilithibitishwa hospitalini, juu ya miili iliyovunjika, na ukweli huo una maana ya pekee mjini Gitega, palipo na kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya tiba, katika nchi ambayo vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwaacha wengi bila mguu au bila uwezo wa kuutumia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, kati ya mitindo yote ya kunyanyua vyuma, ni kusukuma chuma kifuani peke yake kunakoshindaniwa, na benchi lake hutengenezwa refu na pana ili mwili wote pamoja na miguu ulale juu yake. Huko Rio de Janeiro mwaka 2016, Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310, na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alijipatia medali ya shaba. Ufundi unaompa nafasi ya juu mtu ambaye jamii imezoea kumhesabu kuwa dhaifu unastahili kuheshimiwa kwa sababu hiyo peke yake.

Vifaa havipaswi kuwa kizuizi. Ufito rasmi wa mashindano ya wanaume una kilo 20 na urefu wa mita 2.2, lakini katika miji mingi ya Afrika Mashariki vijana wamejifunza kwa bomba la chuma ambalo ncha zake zimemiminiwa zege ndani ya makopo. Kasoro ya vyuma vya namna hiyo ni kwamba uzito wake haujulikani na ncha mbili huenda hazilingani, hali inayolivuta bega moja kuliko jingine. Dawa yake ni kupima kila kopo kwenye mizani, na Muyinga, ambako kahawa na maharage hupimwa kila msimu, mizani haiwezi kukosekana. Asiye na chuma kabisa anaweza kuanza na pushapu, kwani mikono yake itabeba karibu theluthi mbili za uzito wa mwili kwa kila tendo, na kanuni zote za kifundo, viwiko na makombe ya mabega zitabaki zile zile.

Mpango wa mazoezi wenyewe si wa siri. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, kila mara seti tatu hadi tano, seti ikiwa ni kundi la marudio yanayofanywa bila kupumzika. Anayetafuta nguvu hufanya marudio matatu hadi sita kwa uzito mkubwa na kupumzika dakika tatu hivi kati ya seti, na anayejifunza hufanya manane hadi kumi kwa uzito mdogo. Seti imalizike mtu akiwa bado na uwezo wa kufanya rudio moja au mawili zaidi, kwa kuwa rudio la kushindwa huvunja umbo na kumchosha kuliko linavyomjenga. Marudio yote yakitimia kwa umbo safi, ongezeko la kilo mbili na nusu ni kubwa vya kutosha. Pasipokuwa na kipande kidogo kiasi hicho, mtu aongeze rudio moja, au akisimamishe chuma kifuani kwa sekunde nzima kabla ya kusukuma. Kila siku ya kusukuma ilipwe kwa kazi ya kuvuta, na hapa mwenye jembe ametangulia. Usalama nao hauna mjadala: anayesukuma uzito mkubwa awe na mwenzake amesimama nyuma ya kichwa chake, na anayelazimika kufanya peke yake aache ncha za chuma bila vifungo, ili akilemewa aweze kukiinamisha upande mmoja na uzito ukateleza chini.

Mwili hujengwa pia mezani na kitandani. Maharage, ambayo ni chakula cha kila siku katika kaya za Burundi, yana protini inayozidi sehemu moja kwa tano ya uzito wake yakiwa makavu, na ndagala wa Ziwa Tanganyika, maziwa, mayai na karanga hukamilisha yale ambayo maharage hayana. Mtu wa kipato cha kawaida hahitaji unga wa kopo unaouzwa kwa bei ya juu. Anahitaji kula vya kutosha na kulala usiku kucha, kwa sababu msuli hukua wakati wa mapumziko.

Faida ya ufundi huu inavuka mipaka ya kifua na mikono. Kanuni ya mashindano inamtaka msukumaji akitulize chuma kifuani mpaka mwamuzi atoe amri, na katika kitambo hicho kifupi hakuna anachoweza kukificha, kwani aliyekidundisha ili kiruke chenyewe ataonekana, na aliyechukua uzito usio wake ataonekana. Uzito haupungui kwa cheo cha mtu wala kwa maneno yake, na anayeufanyia kazi kwa miaka huzoea kujipima kwa kipimo cha kweli, kukubali kupunguza leo ili aongeze mwezi ujao, na kumshukuru anayemsahihisha. Tabia hizo zinahitajika shambani, sokoni na ofisini.

Kwa hiyo ufundi huu haufai kuachiwa vijana wachache wanaojifunza kwa kutazamana. Walimu wa michezo wa shule za Gitega na Muyinga wanaweza kuufundisha kwa benchi la mbao na bomba la chuma, na wauanze kwa wasichana sawasawa na wavulana, kwa sababu wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mizigo ya vilima hivi ingawa ni nadra mtu kuwaeleza jinsi ya kulinda mabega na migongo yao. Ufito wa wanawake katika mashindano ya kunyanyua vyuma ya Olimpiki una kilo 15, na hakuna msichana mwenye afya anayechota maji kila asubuhi ambaye hawezi kuanza nao. Atakayeonyeshwa mapema mahali pa kuweka kifundo, kiwiko na kombe la bega atakuwa na nguvu katika ujana na viungo vizima katika uzee, na shule iliyomfundisha itakuwa imempa elimu ya mwili kwa maana yake iliyo kamili.